Maharage Sitini na Matatu

Ujumbe ulinikuta nimekaa mkekani Kinole, kwenye arobaini ya Mzee Shomari, sahani ya pilau mapajani na simu nimeifunika kwa ncha ya khanga. Ulitoka kwa binti nisiyemfahamu, mwanafunzi wa chuo kimoja huko Kanda ya Ziwa. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Natumia ile programu yako ya kusoma na kuandika mafaili ya mipangilio ya vinasaba. Leo imegoma. Inasema: WATU WAWILI WANA JINA MOJA. MUULIZE MZEE SHOMARI. Naomba unisaidie namba yake ya simu." Niliusoma mara mbili. Upande wa pili wa turubai wanaume walikuwa wanaitikia dua, na mimi, mwanamke wa makamo mwenye heshima zangu, nikacheka. Mama aliyekaa jirani akanitupia jicho la huyu naye vipi. Kabla sijajieleza, kicheko kikageuka kilio, naye akaona hapo ndipo nimerudi kwenye adabu, akanisogezea kitambaa. Namba ya Mzee Shomari ninayo mpaka leo, sijaifuta. Nilitaka kumjibu yule binti pale pale nikashindwa, kwa sababu jibu la swali lake lina urefu wa mwaka mzima.

Mwaka huo, miaka mingi iliyopita, nilifika Morogoro na shahada ya kompyuta, begi moja, na kiburi cha kujaza mabegi mawili. Nilishuka stendi ya Msamvu mchana wa jua kali, na kabla ya saa kumi nilikuwa nimeshaonyeshwa meza yangu katika mradi wa mihogo uliopanga nyumba ya zamani chini ya mlima. Chumba changu kiliwahi kuwa stoo ya mbolea, na harufu yake haikuwahi kuhama. Kulikuwa na kompyuta mbili za chogo, friza lililoandikwa kwa kalamu nyekundu SI LA SODA, na ukuta wa hadibodi ulionitenga na ofisi ya Dokta Tabitha, mkuu wa mradi. Ukuta ule ulizuia macho tu. Kila alichosema Dokta kwenye simu nilikisikia, na nadhani kila nilipoigombeza kompyuta yeye naye alinisikia. Dirisha lilitazama mlimani, na asubuhi nyingi mlima wenyewe hukuuona, uliona ukungu mweupe tu na sauti za watu wanaoshuka na ndizi kichwani, wanasalimiana humo ndani bila kuonana. Nilipenda sauti zile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, maana nilikuwa nimejiapiza nakaa mwaka mmoja tu, kisha naenda Dar kwa wenzangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mihogo ya milimani ilikuwa inaugua batobato: jani linaingia madoa ya njano, linajikunja kama mtu aliyenuna, na chini unachimbua mizizi myembamba kama vidole. Ugonjwa huo huletwa na virusi, na kwetu vilikuwa vya aina mbili, kimoja cha kawaida ambacho muhogo unaweza kuishi nacho, na kingine kikali ambacho kikiingia shamba moja kinaweza kumaliza bonde zima. Kwa macho ilikuwa vigumu kuvitofautisha. Mzee Shomari, mhudumu wetu wa shambani, alipanda mlimani kuchuma majani, moja kwa kila mkulima. Dokta aliyapeleka maabara, na maabara ikarudisha kila kirusi kikiwa mstari mrefu wa herufi nne tu, A, C, G na T, zikijirudia mamia kwa mamia. Mimi nilitakiwa kuipanga mistari hiyo mmoja chini ya mwingine, herufi zinazolingana zikae safu moja, palipopungua pawekwe kistari, kama mwalimu wa zamu anavyopanga watoto paredi. Huo ndio mpangilio. Ukishapangika unaona nani ndugu ya nani, na shamba lipi lina kirusi kikali. Shamba hilo lilitakiwa kung'olewa lote na kuchomwa, na mwenyewe apewe pingili safi za mbegu nyingine.

Tatizo ni kwamba kila programu ya kuchora ukoo wa virusi ilitaka faili kwa namna yake. Moja ilitaka jina likae mstari wa peke yake, nyingine ilitaka hesabu itangulie, na ya tatu, ya kizamani na kaidi kuliko zote, ilitaka jina la kila sampuli lisizidi herufi kumi. Nilikuwa nimeanza kuandika programu tano za kubadilisha mafaili, kila moja kivyake, na zote zikawa na makosa yale yale. Dokta Tabitha alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Mbona unazaa watoto watano wasio na mama?" Ndipo nikaandika kitu ambacho ofisini tulikiita klasi mama. Hiyo haijui aina yoyote ya faili. Inajua taratibu tu: kusoma ni kuchukua mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka uishe, kuandika ni kichwa, kisha mwili, kisha mkia. Watoto wake, mmoja kwa kila aina ya faili, wanarithi taratibu hizo na kila mmoja anaongeza ujuzi wake. Ukiiamuru klasi mama iandike faili yenyewe, inakujibu kwamba hiyo ni kazi ya watoto.

Nilimweleza Mzee Shomari haya siku moja kwenye kibanda cha Mama Pili, nyuma ya ofisi, tukila wali maharage na mchicha uliotiwa nazi. Alikuwa mfupi, mkavu, kofia ya kiua kichwani, na mabuti ya mpira ambayo aliyavaa hata siku ya Idi. Alisikiliza bila kuacha kutafuna. "Sasa huyo mama asiyefanya kazi ni mama gani?" aliuliza. Nikamwambia anawapa watoto utaratibu, bila yeye hawajui hata pa kuanzia. "Na watoto wanarithi kwa mama, si kwa baba?" Nikasema baba hayumo kabisa. Akaweka kijiko chini, amefurahi kweli. "Basi hao ni Waluguru. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba linafuata huko huko. Nyie Wapare mlidhani mmegundua kitu," alisema, akinitania kabila langu. Mama Pili alicheka mpaka akamwaga mchuzi, na tangu siku hiyo kila akipita dirishani kwangu aliuliza Waluguru wangu wameamkaje.

Mzee huyu alikuwa na mambo mawili ambayo Dokta alipambana nayo akashindwa. La kwanza lilikuwa majina. Dokta alitaka chupa za majani ziandikwe namba. Mzee Shomari alikataa katakata. "Namba wanapewa watu Kingolwira, gerezani," alisema, na hadibodi ikaniletea kila neno. "Hawa wametupa majani kwa hiari yao. Na mtu mzima hatajwi jina tupu, hata kwenye chupa." Kwa hiyo chupa zetu ziliandikwa Mzee fulani, Mama fulani, Bibi fulani, na mimi nikayaingiza kwenye kompyuta vilevile, nikiunganisha neno na neno. La pili lilikuwa kopo. Mlimani huwezi kuingia kwa mtu ukachuma jani ukaondoka. Unakaribishwa, unakula chochote kilichopo, na ukishakula kwa mtu una deni la kumrudishia majibu. Ili asimsahau yeyote, kila aliyempa jani Mzee Shomari alimwekea harage moja kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya friza. Niliona ni ushamba. Nilikuwa na mashine inayohesabu mamilioni, mtu ananiwekea maharage.

Nilipanda naye mara mbili tatu, na ndiko nilikoonja muhogo wa Bibi Mwanahawa. Alikuwa mjane wa Kinole, mrefu, anayeongea kwa sauti ndogo mpaka unalazimika kumsogelea. Alitukaribisha jikoni kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu, akatupa muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai, na muhogo ule ulikuwa mtamu na laini kiasi kwamba nilisahau adabu nikachukua kipande cha nne. "Kula mjukuu wangu," alisema. "Huu ni wa mama yangu, naye aliupata kwa mama yake. Wenzangu wote wameuacha, wanapanda ile inayowahi kukomaa. Umebaki hapa kwangu tu." Alisema bila majivuno, kama mtu anayekuonyesha mlango ulipo. Wakati wa kushuka Mzee Shomari aliniambia, "Ukiona bibi yule amekufa na shamba lile limekufa, watu watalia mara mbili."

Majani yalikwisha kukusanywa, maabara ikaleta majibu, na Jumatatu moja mwanzoni mwa vuli nilitoa orodha. Nilikuwa nimechanganya mafaili ya safari zote, nikayapitisha kwenye klasi mama na watoto wake, nikayaandika kwa ile namna kaidi ya herufi kumi, mchoro wa ukoo ukatoka, kisha programu ikayarudisha majina kamili. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, nami nilijiona mtu. Mashamba saba yalikuwa na kirusi kikali, na mojawapo lilikuwa la Bibi Mwanahawa. Niliumia. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Dokta, naye alikuwa ameshaisoma, amevua miwani. "Ndiyo kazi yenyewe," alisema. Barua ikaenda kijijini kesho yake: mashamba saba yang'olewe Jumamosi, Dokta mwenyewe atafika kuwasha moto.

Mzee Shomari alirudi Alhamisi kutoka Mgeta, alikokuwa kwa kazi nyingine. Nilikuwa nimeubandika mchoro ukutani karibu na friza, majina yote kwenye vijitawi vyake. Alisimama mbele yake na kopo mkononi, akaanza kusoma kwa kidole, jina moja, harage moja juu ya kifuniko cha friza. Nilijifanya nina kazi. Alipomaliza alibaki na harage moja kiganjani. "Sitini na mbili hapa," alisema. "Mimi nilikula kwa watu sitini na watatu. Bibi Mwanahamisi hayupo."

Nikamwambia labda jani lake halikutoa kitu maabara, hutokea.

"Lilitoa. Nilikuwapo Dokta akiandika."

"Mzee, kompyuta haikosei kuhesabu."

"Sijasema imekosea kuhesabu. Nimesema kuna mtu hayupo." Alilitazama lile harage, akalirudisha kwenye kopo taratibu, peke yake. "Mpare akishika kesi haachi," alisema, akatoka kwenda kuswali.

Ningependa kuandika kwamba niliifungua programu mara ile. Sikuifungua. Nilikasirika, nikafunga ofisi, nikaenda zangu. Nimefikiria sana baadaye hasira ile ilitoka wapi, na naona ilitoka mahali ambapo ndani kabisa nilishajua. Ijumaa mchana, kibandani kwa Mama Pili, niliwekewa sahani ya maharage. Niliyaangalia, nikakumbuka lile harage moja. Niliacha chakula, nikarudi ndani, nikafungua mafaili mawili, lililoingia na lililotoka, nikatafuta jina moja tu. Nililiona haraka kuliko ninavyoweza kuvumilia kukumbuka. Lile faili kaidi lilikata kila jina kwenye herufi ya kumi. Bibi Mwanahamisi alikuwa amekatwa akabaki BibiMwanah. Bibi Mwanahawa naye alikuwa amekatwa akabaki BibiMwanah. Programu yangu ilipokutana na majina mawili yaliyolingana, ikawafanya mtu mmoja: ikabaki na kirusi cha Mwanahamisi, ambacho ndicho kikali, na ilipofika kurudisha jina kamili ikampa Mwanahawa. Bibi Mwanahawa hakuwa na kirusi kikali hata kidogo. Heshima ya Mzee Shomari ilikula herufi nne kati ya kumi, na mimi niliyejua kuwa ni kumi tu sikujisumbua kutazama kinachokatwa.

Sikubisha hodi kwa Dokta. Nilisema yote nimesimama, na nilitarajia kufukuzwa kazi. Dokta alijaribu simu ya mtendaji wa kijiji mara nne. Miaka ile Kinole mtandao ulikuwa wa kuvizia, na haikupatikana. Pikapu ya mradi ilikuwa kwa fundi mpaka asubuhi. Akaweka simu mezani. "Barua niliandika mimi, kosa umefanya wewe, na mlima tutapanda wote," alisema. "Mwambie Mzee Shomari saa kumi na mbili asubuhi." Mzee nilimkuta nje ya msikiti, anavaa mabuti. Nilimwamkia, nikamwomba radhi. Nilitegemea anikumbushe kompyuta isiyokosea. Aliniambia tu nilale mapema, njia ina utelezi.

Tulichelewa. Pikapu ilikwama mara mbili, na tulipofika kwa Bibi Mwanahawa jua lilikuwa limeshapanda. Hakungoja mtu yeyote. Alikuwa shambani na binti yake, na nusu ya shamba ilikuwa imeshang'olewa, mashina yamelazwa kwa rundo lililopangwa vizuri, tayari kwa moto. Nadhani mpangilio wa lile rundo ndio ulionimaliza. Nilikimbia nikapiga magoti kwenye tope mbele yake. "Bibi, acha. Ni kosa. Ni kosa langu mimi, muhogo wako hauna ule ugonjwa mkali." Hakuacha mara moja, alimalizia kung'oa shina lililokuwa mkononi, akalilaza na wenzake, akanyoosha mgongo. "Mliandika," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Karatasi ilikuja na mhuri. Nikasema kama wangu unaua wa wenzangu, bora niung'oe mwenyewe, asiung'oe mgeni." Nikalia kwa sauti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwahi kuamini kwamba kitu nilichokiandika nimekaa kwenye kiti kingeweza kumwinamisha mtu mzima shambani tangu alfajiri.

Mzee Shomari hakusema pole. Alichukua panga, akaokota shina moja kutoka kwenye rundo, akalikwaruza kwa kucha. Maziwa yakatoka. "Mbichi," alisema. "Muhogo haufi kwa kung'olewa, unakufa kwa kuchomwa. Mvua hii hapa. Binti, unajua kukata pingili?" Sikujua. Alinionyesha: urefu wa shibiri, macho yatazame juu, shina lenye dalili ya batobato tupa. Dokta alivua viatu vyake vya ofisini. Tulikata na kupanda siku nzima, watu watano, kwenye yale yale mashimo, na saa sita manyunyu yakaanza tukaendelea ndani yake. Bibi alinipa jembe, na kila nilipopanda pingili kichwa chini aliichomoa akaipindua. Mizizi iliyotoka tuliila mchana, imechemshwa, na sikuwahi kula chakula kwa aibu na shukrani kiasi kile.

Alasiri ilibidi tushuke kwa Bibi Mwanahamisi, umbali wa kuitana tu, kumwambia kwamba shamba la kung'olewa ni lake. Nilisema mwenyewe. Alinisikiliza, akaangalia mihogo yake, akaangalia nguo zangu zilizojaa tope la jirani yake. Kabla hajajibu, Bibi Mwanahawa, aliyekuwa ametufuata polepole nyuma, akafungua khanga na kumwaga pingili mlangoni. "Hizo za mradi zitakuja zikipenda," alisema. "Ukishang'oa na kuchoma, ardhi ikapumzika, panda hizi za mama." Walikuwa ukoo mmoja. Wakaanza kuzungumza Kiluguru, haraka, na sisi wengine tukawa hatupo tena.

Jumatatu niliirekebisha programu. Ilikuwa rahisi kuweka kizuizi kwa yule mtoto mmoja kaidi wa herufi kumi, na ndivyo nilivyotaka kufanya. Mzee Shomari alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anasafisha panga. Aliuliza kama wale watoto wengine nao hawawezi kumpoteza mtu. Nikafikiri, nikasema wanaweza, kwa njia nyingine. "Basi akataze mama," alisema. Nikaweka kwa mama. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa klasi ile anayeweza kuandika faili lolote kabla mama hajahesabu walioingia na watakaotoka na kuhakikisha hakuna wawili wenye jina moja. Wakiwapo, anagoma. Na kwenye ujumbe wa kugoma niliandika jina lake.

"Umeniandika humo ndani?" aliuliza.

"Nimekuandika."

"Umeandika Mzee?"

"Nimeandika Mzee."

"Haya," alisema, akaendelea na panga lake.

Sikwenda Dar mwaka uliofuata, wala ule mwingine. Programu ile ilitoka kwenye kompyuta ya chogo ikaingia kwenye flashi, ikahama mkono kwa mkono mpaka kwa watu nisiowajua. Imeandikwa upya karibu yote na vijana wenye akili kuliko mimi, na kumbe katika kuandika upya kote huko hakuna aliyethubutu kumwondoa mzee. Asubuhi ya arobaini, kabla ya dua, binti wa Mzee Shomari alituletea chai na muhogo wa kuchemsha. Nilijua kabla sijameza. Bibi Mwanahawa alishatangulia miaka mingi, lakini nilipouliza wanaupata wapi, binti alishangaa swali. "Huu? Huu uko kila nyumba, mama. Ndio muhogo wetu."

Turubai lilipokuwa linakunjwa nilimwandikia yule mwanafunzi. Nilimwambia Mzee Shomari amefariki, ila aliacha swali moja analomuuliza kila mtu: wameingia wangapi, wametoka wangapi? Akiweza kulijibu, programu itafunguka. Nilinawa mikono, nikaagana na wafiwa, nikaanza kushuka. Simu ikalia njiani, nikiwa nimesimama kuwapisha watu wenye ndizi.

"Wameingia mia moja na wanne," binti aliandika. "Wametoka mia moja na watatu. Mama, kuna mtu hayupo."

Nikamjibu, "Mtafute."